Bafle ya nganda ilinyamazisha mama za soko: haki ya mtunzi na uhuru wa kusema kwenye intaneti

Video ilikuwa ya dakika nne na sekunde ishirini. Mama za soko, hapa Butembo, walisimama mbele ya meza zao za sombe na maharagi wakieleza kwa nini hawakubali kuongezewa kodi ya soko. Mmoja wao aliongea kwa hasira huku akihesabu kwa vidole: feza anayolipa asubuhi, ile anayolipa saa sita, na ile anayodaiwa jioni na mtu asiyeonyesha kitambulisho wala kutoa risiti. Tuliitangaza saa kumi na mbili za jioni. Saa tatu za usiku ilikuwa imekwisha kufungwa.

Hakuna mkubwa aliyepiga simu, wala hakuna aliyekuja kututisha. Nyuma ya mama wale kuna nganda, na bafle ya nganda ilikuwa inapiga rumba moja inayojulikana sana. Sekunde thelathini na tano za wimbo, tena kwa mbali, zikichanganyika na honi za pikipiki. Mashine ya mtandao ule wa video ilitambua wimbo. Mama haikuwasikia.

Ujumbe tulioupata ulitupa njia tatu. Ya kwanza, kukata sehemu yenye wimbo. Ya pili, kuondoa sauti. Ya tatu, kupinga. Lakini sehemu yenye wimbo ndiyo ile ile ambamo mama alikuwa anahesabu kwa vidole, na ukiondoa sauti unabaki na mama anayechezesha midomo bila neno. Tukachagua kupinga. Habari hii inatoka katika majuma yaliyofuata, na katika yale tuliyojifunza kwa kutafuta kujua ni nani hasa aliyetufunga kinywa.

Sheria ya mbali inayofika hadi sokoni

Sheria inayotawala jambo hili haikuandikwa Kinshasa. Iliandikwa Washington. Inajulikana kwa herufi DMCA, na raisi Bill Clinton aliitia sahihi tarehe 28 mwezi wa 10 mwaka wa 1998, wakati wengi wetu hatukuwa tumeona hata simu ya mkononi. Wazo lake ni rahisi. Mtandao unaohifadhi kazi za watu hautashitakiwa juu ya wizi uliofanywa na mtumiaji, lakini kwa sharti moja: mwenye kazi akiandika kwamba kitu fulani ni chake na kimewekwa bila ruhusa, mtandao ukiondoe haraka.

Kwa kweli si wazo baya. Bila sheria ile, hakuna kampuni ingekubali kupokea video za watu wasiojulikana, maana kila moja ingeweza kuipeleka tribinali. Na mwanamuziki aliyeibiwa hapati haja ya kushitaki watu elfu moja; anaandika barua tu. Shida iko katika mizani yenyewe. Kampuni ikiondoa kazi yako bila sababu, haipotezi kitu. Ikikataa kuiondoa na kumbe ni wizi kweli, inaweza kulipa feza nyingi. Basi inaondoa kwanza, na maswali yanakuja nyuma, kama yanakuja.

Kisha zikaja mashine. YouTube ilianza kutumia ile inayoitwa Content ID mwaka wa 2007. Mwenye wimbo au filamu anaipa mashine kopi, mashine inatengeneza alama yake, kama vile tunavyochukuliwa alama za vidole kwenye kuandikishwa kwa uchaguzi, na kila video mpya inalinganishwa na alama zile. Hakuna barua inayoandikwa wala mtu anayetazama. Ninatoa mfano wa YouTube kwa sababu kampuni hiyo imekubali kutangaza hesabu zake. Katika miezi sita ya kwanza ya mwaka wa 2021, mashine ilitoa madai zaidi ya milioni 722. Walioyapinga hawakufika hata mtu mmoja kwa mia: ni madai karibu milioni 3,7 tu yaliyopingwa. Na kati ya yale yaliyopingwa, asilimia 60 yaliisha kwa ushindi wa yule aliyeweka video.

Mtu anaweza kusoma hesabu hizi kwa namna mbili. Kampuni inasema: tazameni, watu wachache sana wanalalamika, kwa hiyo mashine inafanya kazi vizuri. Na ni kweli kwamba mara nyingi mwenye wimbo hafungi video. Anaiacha na kuchukua feza ya matangazo. Mimi ninaisoma kwa upande mwingine. Zaidi ya watu nusu waliojaribu kujitetea walikuwa na haki. Basi wale wengine walionyamaza? Ninawajua wengine wao, tunafanya nao kazi. Mmoja aliona ujumbe ulioandikwa kwa kingereza, akaufuta pamoja na video yake. Mwingine aliogopa kwamba akipinga atafungiwa kabisa, na kwa yeye ukurasa ule ndio kula yake.

Hofu ile haikosi msingi. Kwenye YouTube, maonyo matatu ya haki ya mtunzi ndani ya siku 90 yanatosha kufunga chaneli nzima, pamoja na kila kitu kilichowekwa ndani tangu mwanzo.

Polisi na simu yake

Tusifikiri ni shida ya Butembo peke yake. Katika mwezi wa 6 mwaka wa 2021, mbele ya tribinali moja ya Oakland, kule California, watu wanaopinga ukatili wa polisi walikuwa wanabishana na askari mmoja huku wakimchukua video. Askari akatoa simu yake mfukoni, akapiga wimbo wa Taylor Swift. Walipomwuliza, alieleza bila haya kwamba anaupiga ili video yao isiweze kuwekwa kwenye YouTube. Miezi michache mbele yake, polisi wa Beverly Hills walionekana wakifanya karibu vile vile kwa nyimbo zingine wakati mtu anawarekodi.

Video ya Oakland haikufungwa, ikaonwa na watu wengi sana, na askari akawa kichekesho cha dunia. Lakini jaribu kuweka fundi hiyo mikononi mwa mtu wa hapa kwetu. Kwenye kizuizi cha barabara, mtu anaomba feza kinyume cha sheria, anaona simu yako imeinuka, anaongeza sauti ya redio ya gari. Hana haja ya kukunyanganya simu. Na sisi tunaishi katika inchi ambamo muziki hauzimiki: kwenye matanga, kwenye basi, kwenye duka la dawa, hata kwenye ofisi ya kulipia mtambulisho. UNESCO iliandika rumba ya Congo katika urizi wa wanadamu tarehe 14 mwezi wa 12 mwaka wa 2021, na tulifurahi wote. Mwandishi wa habari anayerekodi barabarani hawezi kuomba kila nganda izime urizi ule.

Wamarekani wenyewe walibishana juu ya jambo hili kwa miaka zaidi ya kumi. Mwaka wa 2007 mama mmoja wa Pennsylvania aliweka video ya sekunde 29: mtoto wake mdogo anacheza jikoni, wimbo wa Prince unasikika nyuma. Kampuni ya Universal ikaomba iondolewe. Mama akaenda tribinali. Mwaka wa 2015, tribinali ya rufaa ikasema kwamba mwenye haki anapaswa kwanza kujiuliza kama matumizi yale yanaruhusiwa na sheria, mbele ya kutuma barua ya kuondoa. Ni neno kubwa lile. Lakini tribinali ilisema pia kwamba inatosha akiamini kwa moyo safi kuwa hayaruhusiwi, hata akiwa amekosea. Na kesi yenyewe iliisha kwa mapatano mwaka wa 2018, wakati mtoto wa jikoni alikuwa amekwisha kuwa kijana.

Anwani yako, tafadhali

Sehemu inayofuata ndiyo inayonisumbua zaidi, na sioni watu wengi wakiiongelea.

Kuna watu wanaotumia sheria hii bila kuwa na wimbo wala filamu yoyote. Wanachukua makala ya mwandishi, tuseme juu ya feza za mradi zilizopotea, wanaibandika kwenye ukurasa mpya walioutengeneza wenyewe, na kuandika juu yake tarehe ya zamani. Halafu wanaandikia Google: makala hii ni yangu, huyu ameiba. Makala ya kweli inaondolewa katika matokeo ya utafutaji. Kule Ecuador, wakati wa raisi Rafael Correa, video zilizomkosoa ziliondolewa mara nyingi kwa barua za haki ya mtunzi zilizotumwa na kampuni moja ya Uhispania. Katika mwezi wa 11 mwaka wa 2023, Google yenyewe ilipeleka watu tribinali kule California, ikisema walituma madai ya uongo yaliyogusa kurasa zaidi ya 100 000 ili kuangusha washindani wao wa biashara. Kama biashara ya kuuza nguo inaweza kufanyiwa vile, fikiria mambo ya madini.

Sheria inakupa dawa: unaweza kuandika barua ya kupinga. Lakini soma vizuri kile inachoomba. Jina lako la kweli. Anwani yako. Namba yako ya simu. Neno la kukubali kwamba unaweza kushitakiwa mbele ya tribinali ya Marekani. Na barua ile haibaki kwa kampuni. Kopi inapelekwa kwa yule aliyekushitaki. Kama hakuenda tribinali, kazi yako inaweza kurudi kisha siku 10 hadi 14 za kazi.

Kwa mtu wa Chicago, hiyo ni karatasi ya ofisi. Kwa mwandishi wa Beni, wa Uvira au wa Bunia, aliyeandika bila jina juu ya watu wenye silaha au juu ya nani anachukua feza kwenye shimo la dhahabu, ni kutoa ufunguo wa nyumba yake. Mtu aliyedanganya kwamba makala ni yake hana hata haja ya kushinda. Akikupata umenyamaza, makala imeondoka. Akikupata umejitetea, amejua unalala wapi. Ninaiita mtego, na sioni jina lingine. Aliyeandika sheria ile mwaka wa 1998 hakuwa anafikiri juu yetu.

Mtu anaweza kumtumia avoka aandike kwa jina lake, na mitandao mikubwa inakubali barua ya mwakilishi. Lakini ni waandishi wangapi hapa wanaweza kumlipa avoka juu ya makala iliyowaletea dola tano?

Linganisha na yaliyotokea Kinshasa katika mwezi wa 11 mwaka wa 2021, wakati tume ya serkali inayochunguza nyimbo ilipokataza wimbo wa kundi la MPR, «Nini to sali té». Uamuzi ule ulikuja na karatasi, na sahihi, na tarehe. Watu walijua mlango wa kugonga, wakapiga kelele, na haikukawia wimbo ukaachiliwa. Ninachukia ukatazaji wa namna ile. Lakini angalau una uso. Ule wa mashine hauna.

Upande wa mwenye wimbo

Nilipoeleza haya yote kwa rafiki yangu mpiga gitaa, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza kama ninajua nyimbo zake zinauzwa wapi. Ninajua. Zinauzwa kwenye kile kibanda karibu na kituo cha mabasi, ambako kijana mwenye ordinateri anajaza nyimbo mia kwenye kadi ya simu kwa feza ya kununua mandazi. Rafiki yangu hapati hata franka moja. Na picha za wapiga picha wetu, zile za lava ya Nyiragongo ya mwaka wa 2021, zilizunguka kurasa ngapi bila jina la aliyehatarisha maisha kuzichukua?

Afrika inajua vizuri kuibiwa wimbo. Solomon Linda wa Afrika ya Kusini alirekodi «Mbube» mwaka wa 1939 katika studio ya Gallo. Wimbo ulizunguka dunia, ukabadilishwa jina, ukaingia katika filamu ya Disney ya simba. Linda alikufa maskini mwaka wa 1962. Ni kwa nguvu ya haki ya mtunzi, na ya maavoka waliomshitaki Disney, kwamba watoto wake walipata mapatano mwaka wa 2006. Kwetu Katanga, Jean Bosco Mwenda wa Bayeke alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka wa 1952, akiimba kwa kiswahili chetu, na gitaa lake likafundisha vidole vya wapigaji wa Nairobi hadi Ulaya. Anayesema haki ya mtunzi ni jambo la wazungu hajawahi kukaa na mwanamuziki siku ya kulipa nyumba.

Kwa hiyo siungi mkono wale wanaosema kila kitu kwenye intaneti kiwe bure. Wimbo mzima uliowekwa na mtu mwingine ili apate feza ni wizi. Mashine iuondoe, hata usiku. Sekunde thelathini na tano za bafle nyuma ya habari si wizi, na hakuna mtu atakayeacha kununua wimbo kwa sababu aliusikia nyuma ya mama wa sombe.

Kinshasa inasema nini?

Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka wa 2006 imeweka vitu hivi viwili karibu karibu. Kifungu cha 23 kinatoa uhuru wa kusema, kwa neno, kwa maandiko na kwa picha. Kifungu cha 46 kinahakikisha uhuru wa kutunga na, katika kifungu kile kile, kinalinda haki za mtunzi. Walioandika hawakuona vita kati ya viwili hivi.

Lakini sheria yenyewe ya haki ya mtunzi ni ya tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka wa 1986, wakati wa Zaïre. Inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 kisha kufa kwake. Iliandikwa wakati wizi ulikuwa wa kaseti. SOCODA, iliyochukua nafasi ya SONECA mwaka wa 2011, inapaswa kukusanya feza za watunzi, na wanamuziki wenyewe hawachoki kulalamika juu ya kile kinachowafikia. Mwaka wa 2023 serkali ilitoa sheria mpya ya vyombo vya habari na sheria ya mambo ya intaneti, zote mbili tarehe 13 mwezi wa 3. Waandishi walizisoma hasa wakitafuta ni wapi wanaweza kufungwa. Swali la anayefungiwa kazi yake na mashine ya ngambo linabaki bila mlango hapa kwetu: hakuna ofisi ya Goma wala ya Bukavu inayoweza kumwandikia mwenye mtandao na kujibiwa.

Ulaya wamejaribu njia yao. Bunge lao lilipitisha mwaka wa 2019, kwa kura 348 kwa 274, sheria inayolazimisha mitandao mikubwa kuzuia kazi zisizo na ruhusa. Poland ikaishitaki, ikisema itaua uhuru wa kusema. Tarehe 26 mwezi wa 4 mwaka wa 2022, tribinali ya Umoja wa Ulaya ikakataa mashitaka ya Poland, lakini ikaweka mpaka: mashine isiyoweza kutofautisha kazi halali na isiyo halali haikubaliki. Kutaja kazi ya mtu, kuikosoa, kuichekesha, ni haki ya mtumiaji. Na lalamiko lake likaangaliwe na mtu, si na mashine nyingine.

Hilo la mwisho ndilo ningependa wabunge wetu waige, wakiamua siku moja kugusa ile sheria ya 1986. Na jambo moja ambalo Ulaya haikuwa na haja nalo: anayepinga aweze kuweka anwani yake kwa mtu wa katikati anayeaminika, si kwa adui yake. Na anayetuma madai ya uongo alipe. Sheria ya Marekani ina adhabu hiyo kwenye karatasi, lakini kuipata lazima ushitaki kule.

Kwa sasa tunajitegemea. Katika kazi yetu tumeanza kurekodi sauti ya anayeongea kwa mikrofoni ya karibu, kwenye faili la pembeni, ili tukilazimishwa kuondoa sauti ya barabara tubaki na maneno. Kila makala tunaihifadhi siku ile ile kwenye Wayback Machine, ambayo inabandika tarehe asiyoweza kuibadilisha mtu. Anayekuja kesho kusema ni yake ataonyeshwa tarehe ile. Video za asili hatuzifuti, hata kadi ikijaa. Na tunaomba wenye nganda wapunguze bafle, jambo ambalo hadi leo limefaulu mara mbili.

Video ya mama za soko ilirudi kisha siku ishirini na sita. Aliyedai hakutoa jibu lolote. Muda uliisha tu. Wakati huo kodi mpya ilikuwa imekwisha kuanza kulipwa, na mama yule alituuliza kwa nini tulificha maneno yake. Tulimwonyesha simu. Alijitazama akihesabu kwa vidole, akasikiliza rumba nyuma yake, akasema wimbo ule ni mzuri lakini waliupiga kwa sauti kubwa mno siku ile.